Maua gani yanahimili kaskazi, huu msimu wa joto, hapa Tanga? Karibu yote niliyotoa Soni yamekufa

BintiSoni · 24 Januari, saa 2:10 usiku

Habari za jioni, ndugu zangu. Nina swali la maua, na nitashukuru zaidi nikijibiwa na mtu anayeotesha hapa hapa pwani.

Nilihamia Tanga mjini Septemba iliyopita kikazi. Mimi ni muuguzi, tumepanga Sahare. Nyumba ina kibaraza kinachotazama mashariki na uwanja mdogo, hatua sita kwa nne hivi. Juu ni mchanga, ukichimba kidogo unagonga mawe meupe. Nimezaliwa Soni, kule milimani Usambara, na kwa mama yangu maua hayana shughuli: unachomeka kijiti cha haidrenjia kando ya ukuta mvua zikikaribia, unakisahau, mwaka unaofuata kimebeba mabonge ya buluu. Kwa hiyo Oktoba nilipokwenda nyumbani nilirudi na miche kumi na moja ndani ya basi, mingine nimeipakata: haidrenjia nne, waridi tatu, fuksia mbili, na vyungu viwili vya urujuani wa Usambara ambavyo mama alivitunza yeye mwenyewe dirishani.

Wakati wa vuli vyote vilikuwa vizuri. Mvua ilipokata Desemba, mambo yakageuka. Majani yalianza kulala mchana, nikaongeza maji. Nikawa namwagilia asubuhi, mchana nikiwa nyumbani, na jioni tena. Kingo za majani zikakauka na kuwa kahawia kama karatasi iliyopitishwa kwenye moto. Juu ya udongo kukatokea ukoko mweupe. Haidrenjia zimekufa zote, fuksia zote, waridi mbili. Imebaki waridi moja yenye majani mawili na urujuani mmoja. Maji ninayotumia ni ya kisima cha hapa uwanjani, yana ladha ya chumvi kidogo.

Mama anakuja mwishoni mwa Machi. Natamani akute kibaraza chenye maua. Nifanye nini, na nipande nini kisichohitaji kushindiwa? Kuna siku naingia zamu ya usiku, nikirudi nalala mpaka alasiri. Pia nina mtoto wa miaka miwili, kila kitu anapeleka mdomoni.

Pongwe_Chokaa · 24 Januari, saa 3:02 usiku

Pole dada. Kwangu mimi jibu ni bogenvilia. Niko Pongwe, ardhi yangu ni chokaa tupu, na ninazo tatu kwenye uzio ambazo tangu zishike mizizi sijazipelekea hata kopo la maji. Kata tawi lililokomaa, unene wa penseli, urefu wa shibiri moja, lichomeke kwenye mfuko wenye mchanga na samadi kidogo, weka kivulini. Ukija kulihamisha usilivunjie bonge la udongo, mizizi yake ni laini sana.

Kosa nililolifanya mimi ni mbolea. Mwaka wa kwanza niliizungushia samadi ya kuku na kumwagilia kila jioni, ikanipa majani mabichi kama mchicha, rangi hakuna. Nilipoacha vyote viwili, kaskazi iliyofuata ikafumuka nyekundu mpaka watu wanasimama. Ile rangi yenyewe, ukiitazama kwa karibu, ni majani. Ua lake ni kale keupe kadogo katikati.

Ina miiba, kwa hiyo na mtoto wako iweke uzioni, mbali na anapochezea. Na kwa Machi haitawahi. Hiyo ni ya miaka ijayo.

BibiAsumini · 24 Januari, saa 4:47 usiku

Mwanangu BintiSoni, pole sana. Mche uliopewa na mama ukifa unauma kuliko ule ulionunuliwa. Nimeona nisilale kabla sijakuandikia.

Nipo Tanga tangu 1979. Nimefundisha shule ya msingi mpaka nikastaafu, na bustani yangu iko Chumbageni, nyuma ya nyumba, ndogo kama hiyo yako. Nikuambie jambo la kwanza ambalo nataka ulishike: miche yako haikufa kwa kukosa matunzo. Imekufa kwa sababu mbili. Ya kwanza, haikuumbiwa huku. Soni iko juu ya mita elfu moja, usiku mnajifunika blanketi. Hapa Januari usiku ukuta wenyewe bado una moto. Haidrenjia inataka ubaridi, na ile buluu yake inatokana na udongo mchachu wa milimani. Hata ingepona, kwenye chokaa ya Sahare ingekutolea waridi-waridi. Hiyo usijilaumu nayo.

Ya pili ni huo ukoko mweupe. Ni chumvi na chokaa ya kisima. Jua la kaskazi linavuta maji kutoka kwenye udongo, chumvi inabaki. Kesho unamwagilia tena kidogo, maji yanaondoka, chumvi inabaki juu ya ile ya jana. Ukimwagilia kikombe kimoja mara tatu kwa siku, umeleta chumvi mara tatu, na maji hayajafika chini ya kopo yakaisukuma itoke. Kingo za majani kuungua ndiko huko. Visima vya karibu na bahari huzidi chumvi mvua zikikaa mbali, kwa hiyo maji yaliyokufaa Novemba si yale yale unayochota leo.

Ufanyeje? Kama mna bomba, vyungu vipe maji ya bomba, kisima kibaki cha kupigia deki. Kama hamna, mwagilia mara chache lakini kwa wingi, mpaka maji yatiririke kwenye matundu ya chini, kisha acha. Kabla ya kumwagilia, ingiza kidole mpaka kiungo cha pili. Ukikuta ubichi, ondoka. Jani likilala saa saba mchana si lazima liwe na kiu. Lisubiri jua lipungue, likinyanyuka lenyewe halikuwa linaomba maji, lilikuwa linajikinga. Nimeona watu wengi wazuri wakizamisha mimea yao kwa huruma.

Sasa maua. Kwako ningeanza na mawili tu.

La kwanza ni vinka, asili yake Madagaska. Lina petali tano, jeupe lenye jicho jekundu, au la zambarau. Utaliona linaota lenyewe kwenye nyufa za kuta za nyumba kuukuu huko mjini, pasipo udongo wala mtu wa kulimwagilia. Hilo linapenda jua la kutwa, linavumilia upepo wa bahari, na linatoa maua mwaka mzima bila kupumzika. Kinacholiua ni maji yaliyotuama. Mche wake usiukalishe kwenye sahani yenye maji. Ukitaka mbegu, chuma vijiganda vyake vya mbegu vikianza kuwa njano, kabla havijapasuka, na ukizipanda zifunike udongo vizuri, zinaota gizani.

Lakini vinka ni sumu, na una mtoto. Majani yake ndiyo yaliyotolewa dawa mbili kubwa za saratani, vinkristini na vinblastini. Wewe muuguzi unazijua zilivyo kali. Nawajua watu wanaochemsha majani hayo kwa ajili ya kisukari, na kila nikimsikia mmoja namfuata nyumbani kwake nimzuie. Kwa hiyo vinka yako iwe kwenye makopo ya kuning'iniza au juu ya ukuta wa kibaraza, mkono wa mtoto usifike. Nyumba yenye mtoto mdogo pia usiingize waridi la jangwa, lile lenye shina lililovimba kama chupa, wala oleanda. Yote mawili yanapendeza, yote mawili hayataki maji, na utomvu wake ni hatari kweli.

La pili ni portulaka. Majani yake yamejaa maji, membamba kama vijiti vya kiberiti, linatambaa chini, na maua yake yana rangi ambazo hata kitenge hakina: ya chungwa, ya njano, nyekundu, waridi iliyokolea. Hufunguka jua likishapanda na kufumba alasiri. Kibaraza cha mashariki ndicho nyumbani kwake. Huhitaji hata kununua mbegu. Omba kijiti kwa jirani, urefu wa kidole, kichomeke kwenye mchanga, usikimwagilie siku hiyo. Wiki mbili kimeshika. Ukipata vijiti ishirini wiki hii, Machi umejaza.

Vyombo: ndoo za lita 20 zilizopasuka mdomo, makopo ya rangi ya lita 4, madumu ya mafuta yaliyokatwa ubavuni. Toboa matundu matano chini kwa msumari uliopashwa moto. Udongo: mchanga sehemu mbili, samadi iliyooza mpaka imepoteza harufu sehemu moja, makumbi ya nazi yaliyochambuliwa sehemu moja. Samadi Tanga haisumbui, wafugaji wa ng'ombe wa maziwa wapo kila mtaa. Makumbi tu uwe mwangalifu: yasiwe yale yaliyofukiwa ufukweni kwa ajili ya kusokota kamba, hayo yamenyonya maji ya bahari. Chukua makavu kwa mkuna nazi, uyaloweke usiku mmoja kwenye maji matamu, uyakamue.

Urujuani uliobaki nitauzungumzia kesho, macho yamechoka.

Upepo_wa_Kaole · 25 Januari, saa 1:20 asubuhi

Shikamoo bibi, nimesoma somo lako lote kabla ya chai.

Mimi niko Bagamoyo, Magomeni. Dada, ongeza zinia. Mbegu unazifukia kina cha nusu ya upana wa kidole, moja kwa moja kwenye ndoo ambamo zitakaa, maana hazipendi kuhamishwa. Zinaota ndani ya wiki moja, na kwangu huchukua kama miezi miwili kutoka kupanda hadi ua la kwanza. Ukipanda wiki hii, mwisho wa Machi mama anakuta maua. Mche ukifika majani sita ukate ncha, utoe matawi pembeni. Kila ua likianza kuchakaa likate, litakuletea mengine mawili. Haliumizi mtoto.

Adui wake ni masika. Unyevu ukitanda usiku kucha majani yanapata ubwiri unga, yanakuwa kama yamenyunyiziwa sembe. Mvua ikianza zisogeze chini ya paa, na maji mimina kwenye udongo, majani yabaki makavu.

Ushauri wa pili: tia majivu ya jikoni kwenye kila kopo, gao moja. Mimi bila majivu sipandi.

BibiAsumini · 25 Januari, saa 3:35 asubuhi

Marahaba mwanangu wa Bagamoyo. Kwenye zinia nakuunga mkono, nilikuwa nimezisahau. Kwenye majivu naomba tutofautiane. Majivu yanapunguza uchachu wa udongo. Kwenye udongo mchachu ni dawa. Lakini binti yuko Sahare juu ya mawe meupe, chokaa anayo ya kutosha na kisima kinamwongezea nyingine. Mimi nilikuwa na iksora mbili nyekundu mlangoni, kila Ijumaa nazitilia majivu kwa upendo, majani yakawa njano mishipa imebaki kijani. Nikadhani zina njaa, nikazidisha. Ilikuwa chokaa inaufungia mmea chuma, chuma kipo ardhini lakini hakichukuliki. Nilipozihamishia kwenye ndoo yenye samadi na makumbi, bila majivu, zikarudi kijani baada ya miezi kadhaa. Kwa hiyo binti, kwako majivu hapana.

Sasa urujuani. Huo, mwanangu, ni wa kwenu kuliko ua lolote duniani. Mwaka 1892 afisa wa Kijerumani aliyekuwa akitawala upande huu, Walter von Saint Paul-Illaire, aliuona ukiota porini akapeleka kwao Ujerumani, na mwaka uliofuata wataalamu wakaupa jina la familia yake, Saintpaulia. Leo upo kwenye madirisha ya Ulaya na Marekani, watu hawajui Usambara iko wapi. Nilikuwa nawafundisha watoto hadithi hiyo kila mwaka, na wengi walikuwa hawajawahi kuuona.

Porini unakaa kivulini, kwenye mwamba wenye unyevu. Kwa hiyo uondoe kibarazani leo. Uweke ndani, chumba kisicho na joto la jiko, karibu na dirisha lisiloingiza jua moja kwa moja. Usiumiminie maji juu, majani yanapata madoa. Mimina maji ya bomba au ya mvua kwenye sahani, ukalishe chungu humo nusu saa, kisha maji yaliyobaki mwaga. Maji ya kisima usiupe hata tone. Jani moja lenye afya likate na kikonyo chake, lichomeke kwenye mchanga mbichi ndani ya kikombe, litakuzalia mche mwingine. Fanya hivyo mapema, ili ukiondokewa na mama-mmea ubaki na mtoto.

Waridi yako yenye majani mawili, ihamishe udongo wote, ikae kivulini mpaka masika. Sina ahadi nayo.

BintiSoni · 2 Februari, saa 11:40 jioni

Shikamoo bibi. Shikamooni nyote.

Nimefanya hivi. Udongo wote wa zamani nimeumwaga. Jirani wa nyuma ana portulaka imetanda kwenye tairi, akanipa vijiti hata sikuhesabu, nimejaza ndoo tatu. Zinia nimepanda ndoo mbili, zimeshaota, nimekuta asubuhi nikirudi zamu nikakaa chini kuzitazama na sare yangu. Vinka nimenunua miche minne kando ya barabara, shilingi elfu moja moja, nimeitundika kwenye kenchi kwa kamba. Urujuani uko sebuleni juu ya kabati la vitabu na jani lake limo kwenye kikombe. Nimekata pia vijiti vitano vya bogenvilia, ahsante kaka wa Pongwe.

Swali: kwenye kijiti kimoja cha portulaka kuna vitu vyeupe kama pamba. Na bibi, jina lako limenifanya niulize, asumini naweza? Usiku nikipita Ngamiani nasikia harufu yake kwenye nyua za watu lakini sijui inapandwaje.

Pongwe_Chokaa · 2 Februari, saa 1:15 usiku

Hivyo vyeupe ni vidung'ata. Kijiti hicho king'oe ukitupe mbali. Vingine vipanguse kwa kitambaa chenye maji ya sabuni ya kipande, jioni, rudia baada ya siku nne. Tazama kama kuna sisimizi wanapanda kwenye ndoo. Wao ndio wanaowahamisha wadudu hao. Panga ndoo zisigusane na ukuta.

BibiAsumini · 2 Februari, saa 2:30 usiku

Marahaba mwanangu. Umenifurahisha.

Asumini unaweza, ila si sasa. Kwa jua hili kijiti kitakauka kabla hakijafikiria mizizi. Inapandwa masika, ardhi ikishaloa vizuri. Inataka jua, inataka samadi, na inataka kukatwa, kwa sababu ua hutoka kwenye tawi changa. Mtu akiionea huruma asiikate, anabaki na kichaka. Ya kwangu naipogoa kila inapomaliza mkupuo.

Vikonyo, yaani vitumba vya asumini, huchumwa magharibi vikiwa vimefumba bado, hufunguka usiku kwenye sahani. Marehemu mama yangu alikuwa akizitunga kwenye uzi, siku za harusi akafunga vikuba, vile vishada vya kunukia, na mrehani na mkilua kama ukipatikana. Siku hizi naona vikuba vya plastiki vinauzwa. Mtu akinipitishia hicho puani nasikia vibaya moyoni. Ndiyo maana nataka kila nyumba yenye hatua sita kwa nne iwe na asumini moja.

BintiSoni · 19 Machi, saa 12:05 jioni

Bibi, mvua imenyesha siku tatu mfululizo. Nimezisogeza zinia chini ya paa. Nne zimechanua, mbili za chungwa, moja nyekundu, moja ya waridi, na nyingine zina vitumba. Portulaka imefunika mdomo wa ndoo zote tatu. Jani la urujuani limetoa kijani kidogo chini yake, kama punje ya choroko. Waridi ilikufa. Bogenvilia, vijiti viwili kati ya vitano vimechipua.

Mama anaingia Jumamosi ijayo. Nataka tupande asumini pamoja naye. Kijiti nakata sehemu gani?

BibiAsumini · 19 Machi, saa 1:50 usiku

Usikate kijiti, mwanangu. Siku ile uliponiuliza, kesho yake asubuhi nililaza matawi mawili ya asumini yangu ardhini, nikayakwangua kidogo kwa chini, nikayafukia na kuyawekea jiwe, na nimekuwa nikiyapa maji ya bomba wiki hizi zote. Jana nimevuta moja taratibu, limegoma kutoka. Lina mizizi.

Nimekutumia ujumbe wa pembeni namna ya kufika. Njoo na mama, mje na ndoo yenye udongo nusu. Mje baada ya saa kumi na moja, vikonyo vya siku hiyo vitakuwa tayari kuchumwa, na mama asiondoke mikono mitupu.